Mwaliko wa kuandika si ahadi ya kuchapishwa

Kongamano kubwa la kisayansi katika kanda yetu ya Bahari ya Hindi Magharibi likifikia majumuisho, aghalabu husimama mtu akapendekeza kwamba mawasilisho bora yakusanywe, yahaririwe na kutolewa kama toleo maalumu la jarida. Pendekezo hupokelewa kwa makofi, kisha hukabidhiwa mtu mmoja au wawili ambao pengine hawajawahi kuifanya kazi hiyo. Kwa kuwa nimekuwa mhariri mwalikwa zaidi ya mara moja, na kwa kuwa wenzangu vijana huniandikia wakiuliza waanzie wapi, nimeona niweke hapa kwa maandishi namna ninavyoielewa kazi hii, hasa zile sehemu zake ambazo miongozo ya majarida huzipitia kwa haraka.

Katika toleo la kawaida, jarida hungoja makala zije zenyewe, na mhariri mkuu huzipokea bila kujali mwandishi ni nani. Katika toleo maalumu makala hutafutwa. Mtaalamu wa mada fulani, ambaye si mmoja wa wahariri wa kudumu na ndiye anayeitwa mhariri mwalikwa, hupewa kwa muda sehemu ya mamlaka ya mhariri mkuu ili akusanye makala zinazozungumzia jambo moja. Faida yake ni kubwa, kwa sababu mtu aliyeishi na mada kwa miaka mingi anajua nani ana takwimu za muda mrefu ambazo hazijachapishwa, ni kituo gani kidogo cha utafiti kimekuwa kikipima joto la maji kimyakimya, na ni mwanafunzi gani aliyemaliza shahada ya uzamivu akiwa na sura mbili nzuri zinazolala kabatini. Hatari nayo inatoka papo hapo: mtu yuleyule anayewaomba wenzake waandike ndiye atakayetakiwa baadaye kuwaambia baadhi yao kwamba walichoandika hakifai. Ninaamini kwamba kazi hizo mbili, ya kualika na ya kukubali, lazima zitenganishwe tangu barua ya kwanza, na kwamba karibu kila jambo linaloharibika katika toleo maalumu huharibika kwa sababu zimeachwa mikononi mwa mtu mmoja.

Ushahidi wa hilo tumeuona ukitokea hadharani. Januari 2021 kampuni ya Wiley ya Marekani ilitangaza kuinunua Hindawi, kampuni ya uchapishaji iliyoanzishwa Cairo mwaka 1997, kwa takribani dola milioni 298. Majarida ya Hindawi yalikuwa huru kusomwa na mtu yeyote, waandishi ndio waliolipia uchapishaji, na matoleo maalumu yalikuwa chanzo kikubwa cha makala mpya. Septemba 2022 ilitangazwa kwamba makala 511 kutoka majarida 16 zingebatilishwa kwa sababu mapitio yake, yaani tathmini ya wataalamu wengine kabla makala haijakubaliwa, yalikuwa yamechezewa. Matoleo maalumu yalisimamishwa kuanzia Oktoba mwaka huo hadi Januari 2023. Machi 2023 Clarivate, kampuni inayosimamia Web of Science, faharasa ya kimataifa ya majarida ya kisayansi yaliyochujwa, iliyaondoa humo majarida 19 ya Hindawi, na kabla mwaka haujaisha idadi ya makala zilizobatilishwa ilikuwa imepita 8,000. Desemba 2023 Wiley walitangaza kwamba wataacha kulitumia jina la Hindawi.

Kilichotokea pale hakikuwa uzembe wa mtu mmoja. Kulikuwa na wale tunaoweza kuwaita wenye viwanda vya makala, yaani watu wanaotunga makala za uongo na kuuza nafasi ya jina la mwandishi, ambao waligundua kwamba njia rahisi ya kuingia katika jarida ni kupitia mhariri mwalikwa. Wakimpata mmoja, au wakifanikiwa kumweka mtu wao katika nafasi hiyo, basi anayealika, anayechagua wapitiaji na anayesaini kwamba makala imekubaliwa wanakuwa ni kundi moja. Mwaka 2020 jarida la Journal of Nanoparticle Research lilipata mkasa wa namna hiyo: watu waliojifanya wanasayansi wanaojulikana walipendekeza toleo maalumu, wakitumia anwani za barua pepe zilizofanana sana na za vyuo vikuu halisi, na makala kadhaa zilikuwa zimekwisha kuchapishwa hila ilipogunduliwa. Mwaka uliofuata Guillaume Cabanac wa Chuo Kikuu cha Toulouse pamoja na wenzake walionyesha jinsi makala nyingi, baadhi zikiwa katika matoleo maalumu ya jarida la Microprocessors and Microsystems, zilivyojaa istilahi zilizopotoshwa na programu za kubadilisha maneno ili wizi wa maandishi usigundulike. Kitu ambacho kila mtaalamu wa kompyuta angekiita akili mnemba kiliandikwa kwa maneno yenye maana ya fahamu ya kughushi. Mpitiaji mmoja tu aliyeisoma makala kwa macho yake angesita hapo.

Ninayataja haya mwanzoni kwa sababu yamebadilisha namna wanavyotutazama wale ambao tungependa waandike katika matoleo yetu. Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Uswisi uliamua kwamba kuanzia Februari 2024 hautalipia tena ada za makala zinazotoka katika matoleo maalumu. Orodha ya majarida huria ya DOAJ, ambayo majarida mengi ya Afrika hujitahidi sana kuingia, inataka mhariri mkuu awajibike kwa kila kilichomo katika toleo maalumu, sifa za wahariri waalikwa zichunguzwe kabla hawajaidhinishwa, na makala za wahariri waalikwa wenyewe zipitiwe na watu wengine na zisizidi asilimia 25 ya makala zote za toleo. Mtafiti wa kwetu anayeandaa toleo la kweli, kwa nia njema, kuhusu mikoko ya delta ya Rufiji au papa wa pwani ya Kenya, anaingia katika uwanja ambao umekwisha kuchafuliwa na watu asiowajua, na kwa hiyo anatakiwa kuwa mwangalifu kuliko walivyokuwa waliomtangulia.

Kazi yenyewe huanza na mada, na hapa ndipo ninapowaomba vijana wasiwe na haraka. Chukua kilimo cha mwani Zanzibar, kilichoanza kibiashara mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na ambacho wakulima wake wengi ni wanawake. Mtu akitangaza toleo maalumu kuhusu kilimo cha mwani kwa jumla, atapokea makala ya uchumi wa kaya, nyingine ya kemia ya karajinani, ule ute unaokamuliwa kwenye mwani, nyingine ya historia ya ushirika wa wanawake, na kila moja itakuwa nzuri peke yake bila kuhitaji nyingine. Lakini akiuliza kwa nini mwani aina ya cottonii, ambao bei yake ni nzuri zaidi, umeshindwa kustawi katika sehemu nyingi ulikokuwa ukipandwa huku aina nyingine, spinosum, ukiendelea kuvumilia, basi mtaalamu wa joto la bahari, mtaalamu wa magonjwa ya mimea ya baharini, mwanajenetiki na mchumi watajikuta wanalazimika kujibizana. Kipimo ninachokitumia ni kujiuliza kama msomaji wa makala ya pili atakuwa na sababu ya kuisoma ya tano. Jarida letu la kanda, Western Indian Ocean Journal of Marine Science, linalochapishwa na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa kanda hii chenye makao Zanzibar, lilitoa mwaka 2017 toleo maalumu kuhusu miamba ya matumbawe ya Mauritius katika tabianchi inayobadilika. Mada kama hiyo imefungwa mahali pamoja na swali moja, na mtu anayeshughulikia matumbawe ya Mafia au Watamu anaweza kulichukua toleo zima na kulilinganisha na kwake.

Pendekezo linalopelekwa kwa mhariri mkuu halina haja ya kuwa refu, lakini lieleze swali, kwa nini liulizwe sasa, na kwa nini makala hizo zisitoke kimojakimoja katika matoleo ya kawaida. Swali hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi, na ninadhani mhariri mkuu anayeliuliza kwa ukali anafanya wema. Wahariri waalikwa wawe wawili au watatu, kutoka taasisi tofauti na ikiwezekana nchi tofauti, kwa maana toleo linalosimamiwa na watu wa idara moja hugeuka kuwa ripoti ya idara hiyo. Ninapendelea pia kwamba mmoja wao awe mtu ambaye hana makala yoyote katika toleo wala hakushiriki katika mradi uliozaa utafiti husika. Huyo ndiye atakayeweza kusema jambo ambalo sisi wengine tunaona haya kulisema. Halafu kuna swali ambalo siku hizi siingii katika kazi hii kabla sijajibiwa kwa maandishi: nani anatia saini uamuzi wa mwisho juu ya kila makala? Jibu ninalolitaka ni mhariri mkuu, au mjumbe wa bodi ya wahariri aliyepewa kazi hiyo rasmi. Mhariri mwalikwa apendekeze, atoe sababu, aambatishe maoni ya wapitiaji, na uamuzi utoke kwa mtu ambaye hakumwalika mwandishi.

Kuhusu fedha nitasema wazi, kwa kuwa ni jambo ambalo tunalizungumza faraghani tu. Matoleo mengi maalumu katika kanda yetu hulipiwa na miradi ya utafiti. Mradi wa miaka mitatu au minne unakaribia kwisha, mfadhili anataka kuona machapisho, na fedha zilizobaki zinaweza kulipia uhariri wa lugha, upangaji wa kurasa na vitambulisho vya kidijitali vya makala. Sioni ubaya wowote katika hilo, maana bila fedha hizo takwimu nyingi zingebaki katika ripoti ambazo hakuna anayezisoma. Ubaya huingia pale tarehe ya kufunga mradi inapogeuka kuwa tarehe ya kukubali makala. Mpitiaji aliyeko Maputo au Toliara hajui mradi wako unafungwa lini, na hata akijua si juu yake. Nimewahi kushauri kwamba toleo liahirishwe hata kama sehemu ya fedha ingerudishwa kwa mfadhili, na ningeshauri hivyo tena. Kwa uzoefu wangu, kutoka kutangaza wito wa makala hadi makala ya mwisho kutoka, mtu ahesabu mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Anayeahidi miezi sita ama ana makala zilizokwisha kuandikwa au anakusudia kuruka hatua. Na mfadhili atajwe katika shukrani, asipewe nafasi ya kuona makala kabla hazijakubaliwa wala ya kuondoa matokeo yasiyompendeza.

Sasa nije kwenye barua ya mwaliko, ambayo ndiyo chanzo cha kichwa cha makala hii. Iwe wito ni wa wazi au ni wa watu waliochaguliwa (mimi napendelea uwe wa wazi, huku ukiwaandikia pia wale unaojua wana takwimu), mwandishi kwa kawaida hutuma kwanza ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa makala, na mhariri humjibu. Jibu hilo ndilo linalojenga au kubomoa yote yanayofuata. Nimeona barua zinazosema kwamba ikisiri yako imekubaliwa kwa ajili ya toleo maalumu. Mwandishi anayepokea maneno hayo anaelewa kwamba amekwisha kuingia, anamwambia mkuu wa idara, pengine anaiweka katika wasifu wake kama makala itakayotoka, na kwa kuwa kupandishwa cheo katika vyuo vyetu hutegemea idadi ya machapisho, tayari ameanza kuitegemea. Mimi huandika kwamba ikisiri inaendana na mada, kwamba tunamkaribisha kuwasilisha makala kamili kabla ya tarehe fulani, kwamba makala hiyo itapitiwa na angalau wataalamu wawili kwa utaratibu uleule wa makala nyingine zote za jarida, na kwamba inaweza kukataliwa. Neno hilo la mwisho halipunguzi adabu ya barua hata kidogo.

Umuhimu wake niliuona siku profesa mmoja aliyenifundisha, mtu ninayemheshimu hadi leo, alipoleta makala katika toleo nililokuwa nikilisimamia pamoja na wenzangu. Wapitiaji wote wawili, bila kujuana, walieleza kwamba vituo vya kuchukulia sampuli vilikuwa vimechaguliwa kwa namna isiyoruhusu hitimisho lililotolewa. Tulipendekeza ikataliwe, mhariri mkuu akakubaliana nasi. Alinipigia simu jioni yake. Nilimwamkia, “Shikamoo Mwalimu,” akaitikia, kisha akauliza moja kwa moja, “Si wewe uliyenialika, mwanangu?” Nikamjibu, “Ndiyo Mwalimu, nilikualika uandike, na ningekualika tena. Wanaoamua ni wengine, na barua yangu ya kwanza ilisema hivyo.” Alinyamaza kidogo, akaniambia anaifungua barua aisome. Tulizungumza kwa muda mrefu kuhusu zile sampuli, na sehemu ya takwimu zake, ile isiyokuwa na tatizo, ilitoka baadaye mahali pengine. Kama ile barua ingekuwa imemwambia amekubaliwa, nisingekuwa na neno la kumjibu, na angekuwa na haki ya kuona kwamba nimemvunjia heshima.

Tatizo gumu zaidi katika kanda yetu ni wapitiaji. Fani zetu ni ndogo. Ukiandaa toleo kuhusu nguva, wataalamu wanaomjua mnyama huyo katika pwani ya Afrika Mashariki utawaweka meza moja ya chakula, na wengi wao wamekwisha kuandika pamoja, wamesimamiana masomo, au wamegombea ruzuku ileile. Mapitio ambayo mwandishi na mpitiaji hawajuani majina, ambayo majarida mengi huyataka, yanakuwa pazia jembamba sana: mahali pa utafiti na aina ya boti iliyotumika vinatosha kumtambulisha mwandishi. Sidhani kwamba dawa ni kujifanya hatuoni. Ninachofanya ni kumtafuta angalau mpitiaji mmoja aliye nje ya pwani yetu lakini ndani ya tatizo letu. Kwa mwani nitamwandikia mtu wa Ufilipino au Indonesia, ambako mimea ni ileile na magonjwa ni yaleyale. Kwa matumbawe nitatafuta Australia au Bahari ya Shamu. Kwa uvuvi mdogo wa pweza ninaweza kwenda Madagaska, ambako wavuvi wamefunga maeneo kwa muda na kuyafungua tena kama ilivyofanyika kwetu. Wa pili awe anayeijua pwani hii, kwa sababu mgeni hawezi kujua kwamba takwimu za mavuno za kijiji fulani hazikukusanywa miezi ya kusi kali. Kila mmoja wao nitamwomba aniambie uhusiano wake na waandishi anaowadhania, na nitaweka jibu lake katika kumbukumbu za toleo.

Majina ya wapitiaji wanayopendekeza waandishi nayapokea, lakini nayatumia kwa tahadhari, na kamwe siwatumii wawili kutoka orodha hiyo kwa makala moja. Anwani ya barua pepe naihakiki katika ukurasa wa chuo chake au katika makala alizokwisha kuchapisha, maana anwani za kughushi ndizo zilizowaingiza wengi katika aibu niliyoieleza juu. Kazi hii inachosha na haionekani, na mhariri anayeiona kuwa ni karaha ndogo asiyestahili kuifanya yeye atafute msaidizi mapema.

Kuna dhuluma moja ninayoipinga kila ninapopata nafasi. Waandishi wetu wengi wanaandika kwa Kiingereza ambacho ni lugha yao ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, na mpitiaji aliyeko mbali anapokutana na sentensi zinazoyumba huamua kwamba na sayansi inayumba. Nimesoma maoni ya mpitiaji yaliyojaza ukurasa mzima kuhusu vihusishi bila kugusa hata jedwali moja. Katika barua ya kumwomba mpitiaji, siku hizi naeleza kwamba uhariri wa lugha utafanywa na jarida baadaye na kwamba tunaomba maoni kuhusu swali, mbinu, takwimu na hitimisho. Maoni yanayorudi huwa bora mno. Upande mwingine, kuna makala zilizoandikwa kwa ufasaha wa kuvutia ambazo ndani yake hamna kitu, na hizo zimekuwa nyingi zaidi tangu programu za kuzalisha maandishi zilipoenea. Mhariri anayepima kwa ulaini wa lugha atazipitisha hizo na kumfungia mlango mtafiti wa Lindi mwenye vipimo vya miaka kumi.

Vibali visisahaulike. Utafiti uliofanyika Tanzania na mtafiti kutoka nje unahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Zanzibar ina utaratibu wake. Nawauliza waandishi mapema, kabla makala haijaenda kwa mpitiaji, na pia nauliza kama watu wa hapa waliokusanya takwimu wametajwa mahali panapostahili.

Makala ya mhariri mwalikwa mwenyewe ni suala ambalo wengi huona aibu kulizungumza, ilhali ni halali kabisa mtaalamu wa mada kuwa na la kusema katika toleo la mada yake. Sharti ni kwamba asiwe na mkono wala jicho katika mapitio yake. Mhariri mwingine, ambaye si mwenzake katika toleo hilo, aichukue. Mfumo wa kupokelea makala umzuie kuona majina ya wapitiaji na barua zao. Na chini ya makala iandikwe wazi kwamba imeshughulikiwa na nani. Mimi ningekwenda mbali kuliko ile asilimia 25 ya DOAJ na kusema makala moja kwa mhariri mmoja, nayo iwe na sababu.

Kisha kuna kuchelewa. Zamani, toleo lilipochapishwa kwenye karatasi, makala kumi zilizokuwa tayari ziliweza kusubiri mwaka mzima kwa ajili ya moja ya mkubwa fulani. Leo hakuna haja. Kila makala inaweza kutoka mtandaoni mara inapokubaliwa, ikiwa na kitambulisho chake, na toleo likafungwa baadaye. Makala nzuri iliyochelewa kupita kiasi ihamishiwe toleo la kawaida la jarida bila kuanza upya mapitio, na mwandishi aambiwe mapema kwamba njia hiyo ipo. Kwa kufanya hivyo mhariri hujiondolea shinikizo la kupitisha makala dhaifu ili tu toleo lijae.

Na kuhusu kujaa, hili nalisema kwa msisitizo. Toleo lililotarajiwa kuwa na makala kumi na mbili likabaki na sita halijashindwa. Msomaji hatajua wala hatajali zilikuwa zimetarajiwa ngapi. Atakachokijua ni kama hizo sita zinaaminika. Waliokuwa wakipima mafanikio kwa wingi wa makala wametuonyesha mwisho wake. Ninaelewa kwamba ripoti ya mradi ina kisanduku cha idadi ya machapisho, na kwamba mwenzako aliyetoka patupu atakukumbuka kwa miaka, lakini mhariri aliyekubali kazi hii amekubali na uwezekano wa toleo jembamba, na ni vizuri alitamke hilo kwa wenzake siku ya kwanza, kabla makala ya mtu yeyote haijawa mezani.

Makala ya utangulizi huandikwa mwisho, na huandikwa vibaya mara nyingi. Aya moja kwa kila makala, kila aya ikirudia ikisiri, hiyo ni kazi ambayo yaliyomo yanaifanya tayari. Utangulizi unaofaa humwambia msomaji makala hizi zikiwekwa pamoja zinaonyesha nini ambacho hakuna moja inayokionyesha peke yake, na hasa zinapingana wapi. Ikiwa makala mbili za toleo zimefikia matokeo tofauti kuhusu kuangamia kwa cottonii, moja ikilaumu joto na nyingine ikilaumu uchovu wa mbegu zinazozalishwa kwa vikonyo vilevile miaka na miaka, utangulizi uyaweke matokeo hayo uso kwa uso na useme ni kipimo gani kingeweza kuamua kati yake. Utangulizi unaotoa hoja mpya namna hiyo upitiwe pia na mtu wa nje, hata kama jarida halilazimishi.

Baada ya toleo kutoka, barua zitakuja. Msomaji ataona kosa katika jedwali, au atauliza takwimu ghafi ziko wapi, au atadai kwamba picha fulani imeonekana kwingine. Wakati huo mhariri mwalikwa amekwisha kurudi kwenye madarasa yake na pengine amehama chuo, na mhariri mkuu ndiye anayebaki na jarida. Ndiyo maana kabla sijaondoka namkabidhi faili la kila makala, zile zilizokataliwa pamoja na zile zilizotoka: majina ya wapitiaji na namna nilivyozihakiki anwani zao, maoni yao yote, majibu ya waandishi, tamko la kila mmoja kuhusu maslahi yanayogongana, na sababu ya kila pendekezo nililotoa. Faili hilo lihifadhiwe ndani ya mfumo wa jarida na si katika barua pepe yangu binafsi, ili atakayeulizwa miaka mitano baadaye kwa nini makala fulani iliingia aweze kujibu bila kunitafuta.

Waliokubali kusimamia toleo kutokana na kongamano lijalo, na wangependa kuona mfano wa barua ya kujibu ikisiri ninayoitumia, waniandikie nitawapa. Waibadilishe watakavyo, ila ile sentensi inayosema kwamba makala inaweza kukataliwa waiache mahali pake.